Sungura Juu ya Barafu

Kuna harufu moja ambayo nikiisikia, hata kama niko katikati ya watu wanacheka, mimi nanyamaza. Ni harufu ya friza iliyozimika halafu ikawaka tena. Sio uozo. Uozo kila mtu anaujua. Hii ni ya chini chini, kama bati lililonyeshewa, kama kisu kilichokata nyama kikasahauliwa kwenye beseni. Juzi nimetoka msibani Chunya, nimefika kwangu hapa Mbeya na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikafunua friza nitoe kitu cha kupika, harufu ile ikanipiga usoni.

"Umeme ulikatika?" nikamuuliza binti yangu.

"Ulikatika mama, ila ulirudi. Vitu viko sawa, vimeganda vizuri kabisa."

Mle ndani, pembeni, kuna kikombe changu cha barafu ambacho wanangu wanakicheka siku zote. Nikakitoa, nikakitazama. Halafu nikatoa nyama yote na samaki wote, nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya nyumba.

"Mama! Nyama ngumu hivyo unaizika?"

"Kilichoyeyuka hakirudi," nikamjibu. Na sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Ilikuwa ya shangazi yangu Eliza wa Mlandege, Iringa, ambaye yuko kaburini miaka mingi sasa.

Basi nyie wenzangu wa rika langu, mliokua enzi za foleni ya sukari na sabuni ya mche ya kukatwa kwa waya, nyie nitawaambia. Watoto wangu nimeshindwa kuwaambia.

Nimezaliwa Chunya. Baba yangu ni Mhehe wa Kalenga, alifuata dhahabu akiwa kijana, akamkuta mama yangu huko, dhahabu hakuikuta. Kwetu chakula kilitunzwa kwa jua. Nyama ilipakwa chumvi ikaanikwa juu ya paa, samaki alikuja akiwa mkavu kama kandambili, mboga ilikauka mpaka inalia ukiishika. Kwa hiyo mimi nilijua kitu kikitaka kudumu lazima kwanza kikauke. Kitu kibichi kilikuwa na siku yake, na siku hiyo ikipita unakitupa, basi.

Wazazi wangu waliponipeleka Iringa kwa shangazi nikasome, watoto wa jirani walinisindikiza mpaka kwenye basi wakiimba, "Anaenda kwa Wahehe! Atalishwa mbwa!" Utani tu, lakini mimi nililia kutoka Chunya mpaka stendi ya Mbeya.

"Wewe, baba yako si Mhehe?" mama akanikemea. "Umeshawahi kumwona anakula mbwa?"

"Bado," nikasema.

Mama alicheka mpaka kondakta akageuka.

Tulishuka Iringa asubuhi, wakati wa baridi. Mimi baridi nilikuwa siijui. Aliyekuja kutupokea stendi ni Festo, mtoto wa pekee wa shangazi, kijana mrefu amevaa sweta la kijani la shule ambalo mikono yake ilikuwa imeshakuwa mifupi. Akafungua mdomo kutusalimia, "Kamwene!" nikaona moshi unamtoka. Na sigara hana. Nikajificha nyuma ya mama.

"Unaogopa nini, mdogo wangu? Hiyo ni roho," akasema, akanipulizia tena makusudi. "Huku kwetu baridi inazitoa nje zinaonekana. Ukimwona mtu asubuhi hatoi moshi, ujue huyo ameshakufa zamani, anatembea tu."

"Festo, acha kumtisha mtoto," mama akasema. Lakini yeye alikuwa anacheka, na moshi ulimtoka mama pia, na mimi nilipopumua nikauona wa kwangu. Nikaamini. Mtoto akiambiwa kitu na mtu anayecheka, halafu akakiona kwa macho yake, hawezi tena kukitoa kichwani.

Shangazi Eliza alikuwa mjane, mweupe wa meno, mkali wa macho, msharika wa kanisa la Kilutheri asiyekosa ibada hata mvua inyeshe mawe. Aliponiona alipiga magoti. Mtu mzima kabisa, akanipigia magoti mimi mtoto wa darasa la kwanza, akasema, "Karibu mama." Nimerithi jina la mama yake mzazi, na kwa desturi yao anayebeba jina la mtu anabeba na heshima ya mtu. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita kwa jina. Alinichapa nikikosa, lakini alinichapa huku akiniita mama.

Pale sebuleni, mahali ambapo watu wengine wanaweka kabati la vyombo, yeye alikuwa ameweka sanduku kubwa jeupe, refu kuliko mimi nikilala. Juu yake kitambaa cha kufuma, redio, na Biblia. Nikadhani ni meza. Jioni hiyo hiyo akahamisha Biblia na redio, akakunja kitambaa, akafunua.

Moshi ukatoka.

Ulitoka mwingi, taratibu, ukamwagika ukingoni ukashuka mpaka kwenye miguu yangu, wa baridi. Na sanduku likakohoa, likatetemeka, likaanza kunguruma. Mimi nilikimbia nikajigonga kwenye mlango. Kama kila chenye kutoa moshi kina roho, basi humu ndani kulikuwa na mtu.

Shangazi alikuwa mpishi kwenye shamba moja la tumbaku, kwa Wazungu. Walipoondoka nchini walimwachia friza ile, na yule mama wa Kizungu alimwachia pamoja na masharti yake, ambayo shangazi aliyashika kama amri kumi. Chakula cha moto hakiingii. Kinapoa kwanza, maana kikiingia na joto kinawaharibu wenzake. Nyama inakatwa vipande vya mlo mmoja, inafungwa kwenye nailoni, inakamuliwa hewa, inafungwa uzi: mwekundu wa ng'ombe, mweupe wa mbuzi, wa bluu samaki. Cha zamani kinakaa juu ili kiliwe kwanza, kipya kinakwenda chini. Umeme ukikatika mfuniko haufunguliwi hata aje mchungaji. Na kubwa kuliko yote: kilichoyeyuka hakirudi. Kikiyeyuka kinapikwa siku hiyo, au kinazikwa. Hakigandishwi tena.

"Sasa ukiwa haupo nyumbani, umeme ukakatika ukarudi, utajuaje?" Festo ndiye aliyenifundisha hili, wakati mama ameshaondoka kurudi Chunya na mimi nimebaki nimenuna. Alichukua kikombe cha bati, akajaza maji, akayagandisha. Halafu akaweka juu ya barafu thumni yake, ile ya zamani yenye picha ya sungura anakimbia. "Huyu ni askari wetu. Barafu ikiwa barafu, sungura anakimbia juu. Maji yakiyeyuka, sungura anazama, na yakiganda tena yeye anabaki chini, hawezi kudanganya. Ukimwona juu, kula. Ukimwona chini, usile hata kama nyama ni ngumu kama jiwe. Umeelewa, bibi?"

Na yeye aliniita bibi, kwa ajili ya lile jina. Nilimpenda, sijui niseme vipi. Alikuwa mtu wa kwanza Iringa kunichekesha.

Mvua za kwanza zilipoanza, Festo akaondoka. Kulikuwa na vita, nyie mnakumbuka, redio zilikuwa haziimbi chochote kingine. Vijana walipanda malori pale mjini, asubuhi yenye ukungu, na mimi nikiwa nimebebwa mgongoni na shangazi nilitazama moshi kwenye kila mdomo. Wa Festo ulikuwa mrefu kuliko yote. Sweta alimwachia mama yake. "Limeshanikaa vibaya," alisema. "Mpe bibi akikua."

Shangazi alilikunja akaliweka kwenye kiti cha Festo mezani, na kuanzia siku hiyo alianza kumwekea fungu.

Hii sio desturi aliyoibuni yeye. Kule Kalenga alikozaliwa, mtu akiwa safarini nyumba haili kitu kizuri bila kumtengea. Fungu lake lilitundikwa juu ya moto, kwenye moshi, likamngoja. Shangazi yeye hakuwa na moshi, alikuwa na friza. Akichinja kuku, paja moja la Festo. Akipata nyama ya sikukuu, kipande cha Festo. Alikifunga kwenye nailoni, na uzi aliufumua kwenye lile sweta la kijani. Kijani ni Festo. Hakikupanda juu kuliwa kwa zamu kama vingine; kilikwenda chini kabisa na kubaki huko.

Mimi nilikuwa naangalia sweta. Kila fungu lilipoingia, sweta lilipungua. Kwanza ulikwisha mkono wa kulia, pole pole, mpaka begani. Halafu wa kushoto. Nilikaa mezani nikila ugali wangu nikimtazama Festo asiye na mikono, nikawa najua kabisa, bila kuambiwa na mtu, kwamba anahama. Anatoka kwenye kiti anaingia kwenye friza, uzi kwa uzi.

Basi nikaanza kumsalimia. Asubuhi kabla ya kwenda shule nilisimama mbele ya friza nikasema, "Kamwene, kaka Festo." Ilinyamaza kidogo. Halafu ndani kabisa kitu kikagonga, tup, ikaanza kunguruma. Kila asubuhi. Sio nasema mara moja moja, nasema kila asubuhi. Miaka mingi baadaye nikiwa mama wa watoto nilikwenda kusoma masomo ya jioni, na mwalimu wa sayansi akatueleza habari ya mota inayojizima na kujiwasha yenyewe baridi ikipungua. Nilimwelewa. Mtihani nilifaulu. Lakini mwalimu hakuwepo pale Mlandege, hakuona jinsi ilivyokuwa inangoja nimalize salamu.

Jirani yetu alikuwa Mama Zawadi, Mbena, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri. Zawadi mwanaye alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Mama Zawadi alitunza vitu vyake kwenye friza ya shangazi kama mtaa mzima, na siku moja alipokuja kuchukua samaki wake akaona lile tabaka la chini, vifurushi vya kijani vimejipanga vyenye ukungu mweupe.

"Mama Festo," akasema, na siku hiyo sauti yake haikuwa ya utani. "Hivi vyote vya kijana?"

"Vyake."

"Zamani dada yangu, nyama ilikuwa inajua kuoza. Fungu la msafiri likifika mwisho wake linanuka, na mtu anajua: sasa nilie. Hii mashine yako haisemi. Utamngoja mtu mpaka lini?"

Shangazi akafunga mfuniko. "Chukua samaki wako, Mama Zawadi."

Mwezi wa mvua kubwa, kabla ya Pasaka, upepo ukaangusha nguzo za umeme huko njiani. Taa zilizima mchana, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikasikia nyumba ile ilivyo kimya. Kumbe ngurumo ile ilikuwa chini ya kila kitu, chini ya maongezi, chini ya sala, chini ya usingizi. Ilipokoma masikio yangu yaliuma.

Shangazi akaifunika friza kama mgonjwa. Mablanketi, godoro langu, magunia ya pumba pembeni. "Hakuna kufungua," akasema. "Ikiwa haijafunguliwa inajishikilia." Tukangoja. Siku ikapita, ikaja nyingine, na nyingine. Niliporudi kutoka shule nililaza sikio kwenye bati, chini ya godoro. "Kamwene, kaka Festo." Kimya. Nikasema kwa sauti zaidi. Kimya.

Majirani wakaanza kupita. "Mama Festo, tupike tu, itaharibika yote hiyo." Ndio lilikuwa sharti lenyewe, na yeye ndiye aliyelifundisha mtaa: kikianza kuyeyuka, kipike siku hiyo. Lakini yeye alikaa kwenye kiti mbele ya friza, Biblia mapajani, akawa anawajibu, "Haijafunguliwa, haijaharibika." Wakati mwingine alijibu hata kabla hawajauliza.

Halafu nikaona maji. Nilikuwa nafagia, yakatoka taratibu chini ya friza, mstari mwembamba, ukanifuata kwenye ufagio. Yalikuwa na rangi ya waridi. Shangazi alikuwa uani. Nilisimama nayatazama, na mwili wote ulikuwa baridi kuliko barafu, maana redioni walikuwa wanasema kila siku habari ya waliojeruhiwa. Nikachukua kanga yangu nikafuta. Yakatoka tena. Nikafuta tena. Sikumwambia. Nilidhani nikifuta vya kutosha Festo atapona.

Umeme ulirudi Jumamosi. Friza ikagonga, tup, ikanguruma, na shangazi akapiga kelele, "Asante Bwana!" akaanza kutoa godoro na mablanketi huku anaimba. Mfuniko hakuufungua. Ulikuwa wakati wa kufungua na kutazama kikombe, hata mimi nilijua, lakini alirudisha kitambaa cha kufuma, akarudisha redio, akarudisha Biblia juu yake, akaenda kuchota maji. Na jioni nzima hakuitazama friza hata mara moja, kama mtu anayepishana na mwenye siri yake.

Jumapili tulipotoka ibadani, Mama Zawadi akaingia na sinia, na Zawadi nyuma yake ameshika bakuli, anacheka.

"Mama Festo, nipe ile mbuzi yangu. Wifi zangu wamekuja kutoka Njombe, nimewaambia leo wanakula nyama hata kama sukari hamna."

Shangazi akaenda kwenye friza. Akaondoa Biblia, redio, kitambaa. Akafunua, moshi ukatoka, na ile harufu, ya bati lililonyeshewa, ndio nikaisikia kwa mara ya kwanza. Akashika kifurushi chenye uzi mweupe. Kilikuwa kimegandana na wenzake, umbo lake limebonyea kama kitu kilichokaliwa. Akakivuta kikatoka, kikalia kwenye sinia, ko!

"Haya sasa!" Mama Zawadi akasema. "Nyama ngumu kama jiwe la Gangilonga. Na watu walivyokuwa wananitisha."

Akageuka aondoke. Zawadi akanikonyeza, alikuwa ameniahidi mfupa. Shangazi mkono wake ulikuwa bado umeshika ukingo wa sinia. Hakuwa anauachia. Alikuwa ametazama ukutani, kwenye picha ya marehemu mumewe.

"Subiri, Mama Zawadi," akasema. Halafu akaniambia mimi, bila kugeuka, kwa sauti ya mtoto mdogo: "Mama. Hebu angalia kikombe."

Mjue kwamba sijawahi kuwa mkubwa kama nilivyokuwa dakika ile. Nilipanda kwenye kigoda. Kikombe kilikuwa pembeni, kimejaa barafu safi, angavu kama kioo cha saa. Na nilimwona. Sungura alikuwa chini kabisa, kwenye kitako cha bati, miguu yake imenyooka anakimbia, na barafu yote iko juu yake.

Nilijua vitu viwili kwa pamoja. Nikisema yuko juu, Zawadi ataila ile nyama, na Festo atabaki chini ya friza akinguruma na kunijibu kila asubuhi. Nikisema yuko chini, Zawadi hatakula, na Festo amekwisha, na nitakuwa nimemmaliza mimi kwa mdomo wangu. Na shangazi hakuwa anamuuliza mtoto wa shule. Alikuwa anamuuliza mama yake. Nikisema juu, angeamini. Nilimwona kwenye mgongo anavyosubiri niseme juu.

Nikamtazama Zawadi na bakuli lake.

"Sungura yuko chini," nikasema.

Friza ilikuwa wazi, inapumua.

"Yuko chini kabisa, mama?"

"Chini kabisa."

Shangazi akachukua kifurushi kutoka kwenye sinia. "Samahani, Mama Zawadi. Hii wageni hawali. Nitakuchinjia kuku wangu."

"We, Mama Festo, nyama yote hiyo, kwa ajili ya neno la mtoto..." Akaishia hapo. Alikuwa amemwona uso. Akaweka sinia chini, akajifunga kanga kiunoni. "Jembe lako liko wapi?"

Tulichimba nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mchicha. Wanawake wengine wakaja, maana ukuta wa Mlandege hauzuii habari, na hakuna aliyewaita. Mbwa walikuwa wanazurura, kwa hiyo shangazi akasema shimo liende chini zaidi, na zaidi, mpaka aliyekuwa anachimba akawa anaonekana kichwa tu. Kwanza tukaweka vya watu, vyekundu na vyeupe na vya bluu. Halafu shangazi akaingia ndani, akatoka amebeba vya kijani kwenye kanga, amevikumbatia, na alitembea polepole sana. Havikuwa vizito. Alivipanga kimoja kimoja. Mwisho akaleta kilichobaki cha lile sweta, kifua na shingo, akakiweka juu.

Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi. Sidhani alikusudia. Alikuwa ameona shimo, udongo, kanga, na wimbo ukamtoka wenyewe. Wengine wakapokea. Nikatazama midomo yao nikitafuta moshi. Jua lilikuwa kali, mdomo wa mtu yeyote haukutoa kitu. Sote tulikuwa tumesimama pale, wazima, bila roho.

Shangazi hakuimba. Alimwaga udongo kwa mikono, akapiga magoti, ndipo sauti ikamtoka. Nimezaa watoto, nimezika wazazi, lakini sauti ile sijaisikia tena, na namwomba Mungu aninyime kuisikia.

Kwa muda mrefu baada ya pale mimi sikula vizuri. Shangazi alinitunza, alinichapa, aliniita mama. Hakuwahi kunilaumu. Lakini mimi nilijua nilichofanya. Nilisali kila siku, "Mungu, mrudishe sungura juu." Friza aliichomoa, akaigeuza ghala la mahindi.

Baridi iliporudi, asubuhi moja balozi wa nyumba kumi akaja na mwanajeshi. Shangazi alikuwa anafagia uwanja. Aliwaona akaendelea kufagia mpaka akamaliza, akaweka ufagio, akasema, "Karibuni. Semeni tu. Mimi nimeshamzika."

Yule mwanajeshi alikuwa amejiandaa kwa kilio, akababaika. Akasema pole. Akasema kijana alikuwa jasiri. Akasema amelala kulekule alikoanguka, pamoja na wenzake, tangu wakati wa kupanda mahindi.

"Wakati wa kupanda?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, mama. Hawakuwa wamekaa huko hata muda mrefu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilihesabu kwa vitu nilivyovijua. Kupanda ni kabla ya Krismasi. Nguzo ziliangushwa karibu na Pasaka. Sweta lilikuwa bado lina mikono. Kwa hiyo alikuwa ameshakufa wakati mafungu ndio kwanza yanaanza kuingia. Sikumuua mimi. Nilivuta pumzi, nikaiachia, na niliuona moshi wangu mwenyewe ukitoka mrefu kwenye ile baridi, na nilihisi kama ndio naanza kupumua tangu siku ile ya kigoda. Nilimshukuru Mungu. Mpaka leo namshukuru.

Shukrani ile haikumaliza hata dakika. Maana kama alikuwa ameshakufa tangu wakati wa kupanda, basi asubuhi zote zile nilikuwa namsalimia nani?

Wageni walipoondoka nikaingia ndani. Friza ilikuwa pale pale, na kitambaa chake, redio na Biblia, na waya wake umezungushwa ukafungwa pembeni kwa kipande cha uzi wa kijani. Ndani mahindi matupu, nilikuwa nimesaidia kuyamwaga mwenyewe. Nikasimama mahali pangu pa siku zote.

"Kamwene, kaka Festo."

Nikangoja. Nikangoja sana, huku moshi unanitoka mdomoni unapotelea kwenye kile kitambaa cheupe. Friza haikusema kitu.

Ndipo nikalia. Shangazi akaja akanibeba mgongoni, akasema, "Lia mama, lia. Sasa wakati wake umefika."